Chakula Tunacho, Gazeti la Nini?



Mwezi uliopita lilitolewa wazo katika mkutano wa kijiji chetu. Tuanzishe gazeti dogo la chakula. Liwe karatasi moja iliyokunjwa, kurasa 4, litoke kila baada ya miezi 3. Lisiuzwe, ligawiwe bure. Mwalimu wa shule ya msingi alikubali kulisimamia. Mimi wa zahanati nikakubali kuandika habari za afya. Jina lake bado tunagombania.

Mzee mmoja akasimama. Akauliza hivi: "Chakula tunacho. Gazeti la nini?"

Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akaendelea na habari ya barabara.

Siku ile sikumjibu. Mimi nina miaka 26, na mzee yule ni sawa na babu yangu. Tena swali lake si la kijinga. Simama kando ya barabara ya Tunduma wakati wa mavuno. Utaona magunia ya mahindi yanavyopita juu ya malori. Mbozi kuna mahindi, maharage na kahawa. Ileje kuna ndizi. Kamsamba kuna mpunga. Ziwa Rukwa lina samaki. Mtu wa huku akiambiwa kuwa ana shida ya chakula, ana haki ya kucheka.

Lakini naona gazeti lile lianze. Kwa hiyo leo namjibu mzee kwa maandishi.

Mimi ni tabibu msaidizi wa zahanati ya kijiji. Nimesoma nikapata cheti, na kazi yangu kubwa ni kutibu malaria, kuharisha, kikohozi na vidonda. Pia tunapima watoto kila mwezi. Siku moja mama mmoja alileta mtoto wake wa kiume. Nilipomwona nilidhani ana miaka 2. Alikuwa mchangamfu, ana mashavu, hana homa. Nikafungua kadi yake ya kliniki. Kadi ilionyesha kuwa anakaribia miaka 4. Nikamsimamisha tena kwenye ubao wa kupimia urefu, nikifikiri nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Baba yake namfahamu. Ni mkulima hodari. Mwaka ule ghala lake lilikuwa na magunia mengi kuliko ya majirani zake. Nilipomweleza habari ya mtoto akacheka kwa upole, akasema: "Dokta, ukoo wetu ni wafupi tu."

Huenda ukoo wao ni wafupi kweli. Lakini mtoto yule alikuwa amedumaa.

Kudumaa maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu mwili wake haukupata chakula cha kutosha cha kuujenga, au kwa sababu aliugua mara kwa mara. Si urefu tu unaopungua. Akili nayo hukosa chakula wakati ule ule inapokua. Mtoto huyo huweza kupata taabu darasani, na watu wakasema ni mvivu. Mtoto aliyekonda kila mtu humwona, na bibi yake humkimbiza zahanati. Mtoto aliyedumaa hatumwoni, maana mtoto wa jirani naye yuko vile vile, na wa jirani wa pili pia.

Wangapi wako hivyo? Utafiti wa lishe wa taifa ulifanyika mwaka 2018. Ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Songwe, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, zaidi ya 40 walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa karibu 32 katika kila 100. Na mikoa iliyokuwa na hali mbaya kuliko wetu mwaka ule ilikuwa ipi? Njombe, Rukwa na Iringa. Tafadhali soma tena majina hayo. Hiyo ndiyo mikoa inayolima sana mahindi katika nchi hii.

Basi mzee wangu, ni kweli chakula tunacho. Mtoto yule hakulala njaa hata siku moja. Alishiba uji wa mahindi asubuhi, ugali wa mahindi mchana, na ugali tena jioni pamoja na mchuzi kidogo wa majani. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa kitu kimoja, halina nafasi ya kitu kingine. Mtoto wa namna hii anahitaji maharage, dagaa, yai, karanga, maziwa, mboga za majani na matunda, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wakati wa maana kuliko wote ni siku 1,000, kuanzia mama anaposhika mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka 2. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe. Baada ya hapo ndipo tunapopoteza watoto wengi. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto amebaki na dada yake wa miaka 8 na uji uliopoa katika kikombe.

Sasa niseme kosa langu. Kwa mwaka mzima nilisimama mbele ya akina mama siku za kliniki nikiwaambia: tieni karanga katika uji wa mtoto. Niliwaambia mpaka sauti ikakauka. Uzito wa watoto haukubadilika sana. Siku moja bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe akaniambia: "Mjukuu wangu, karanga ni za baba."

Akina mama wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba nilikuwa nawafundisha watu wasioshika ufunguo wa ghala. Karanga ni fedha. Ufuta ni fedha. Maharage ni fedha, na mnunuzi wa Tunduma huja nayo mkononi. Mayai huuzwa, au hukaangiwa mgeni. Kinachobaki nyumbani ni mahindi. Mama anajua kabisa kwamba karanga ni nzuri kwa mtoto, lakini akizichota bila ruhusa kutakuwa na kesi.

Hapo ndipo ninapoiona faida ya gazeti. Maneno yangu ya kliniki hubaki kliniki, na pale baba hayupo. Karatasi huenda nyumbani. Mtoto wa darasa la tano ataisoma kwa sauti jioni mbele ya moto, na baba atasikia hata kama anajifanya anatengeneza mpini wa jembe. Mama hatalazimika kusema yeye. Litasema gazeti: kabla ya kupakia gunia la mwisho la karanga au la maharage, toa debe moja, liweke kwa ajili ya watoto, lisiguswe. Hesabu hiyo baba anaiweza. Mimi naamini wakinababa wengi hawana roho mbaya. Hawajaambiwa tu, kwa sababu sisi watu wa afya tuliwaacha wakacheza bao wakati tunawafundisha wake zao.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, halafu Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, anayejua kusoma akawasomea wenzake kitabu, kisha wakazungumza na kukubaliana la kufanya. Mwaka 1974 kule Mwanza lilianzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka kujifunza kusoma. Na mwaka 2011 lilianza jarida la Mkulima Mbunifu, kwa Kiswahili, ambalo vikundi vya wakulima walipelekewa bila kulipa. Humo watu wamejifunza habari za mbolea ya samadi, mboga, kuku na ng'ombe wa maziwa.

Mbona basi tutake letu? Kwa sababu gazeti la nchi nzima haliwezi kujua kwamba wiki hii wanunuzi wa maharage wameingia kijijini kwetu. Haliwezi kujua kwamba mwezi huu majani ya maboga yamejaa na mwezi ujao yatakuwa yamekauka, hivyo tuyaanike kivulini sasa. Nimewahi kuona picha ya chakula bora imebandikwa ukutani, ina tufaha na jibini. Jibini ni kitu gani kwa mama wa Momba? Akiona picha hiyo anajua kwamba chakula bora ni cha watu wengine. Nataka gazeti liseme kijiko, kiganja na kikombe. Liseme kwamba huna haja ya kuinjika chungu cha pili. Maharage yale yale ya watu wazima, chota ya mtoto kabla ya kutia pilipili, yaponde kwa mwiko mpaka yalainike. Karanga zisagwe au zitwangwe, maana karanga nzima huweza kumpalia mtoto mdogo. Dagaa watwangwe wawe unga. Ulezi tusiuache wote uende kwenye pombe.

Nikitaja pombe nakumbuka jambo kubwa zaidi, na hili ningependa liwe ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza. Ni sumukuvu. Mahindi na karanga zisipokauka vizuri huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu hiyo. Kuichemsha hakuiondoi. Huharibu ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata saratani ya ini. Ikiwa nyingi, huua upesi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe.

Sisi hapa hufanyaje? Tunachambua mahindi, jambo ambalo ni zuri. Mazuri tunauza, kwa kuwa mnunuzi anachungulia gunia. Mabovu je? Yanakwenda kwenye komoni, au anapewa kuku, au anasagiwa mtoto uji kwa kuwa hatalalamika. Mnunuzi asiyetujua anakula mahindi safi, na mwana wetu anakula ukungu. Nimeliona hili kwa macho yangu katika nyumba ninazoziheshimu. Mahindi yenye ukungu hayafai kuliwa na mtu wala mnyama. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Yahifadhi pakavu, magunia yasiguse sakafu wala ukuta.

Narudi kwenye neno "bure". Wapo waliosema kwamba kitu cha bure hakitunzwi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Sokoni niliwahi kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa gazeti. Nilipoukunjua nikakuta ni habari ya lishe ya watoto. Nilisimama pale nikausoma wote, muuzaji akaniuliza kama karanga zina mchanga. Lakini je, ukurasa ule ungekuwa wa kuuzwa usingefungiwa karanga? Nadhani hakuna aliyeketi na wenzake akausoma kabla haujafika sokoni. Gazeti letu lisigawiwe njiani kama matangazo ya mnada. Ligawiwe Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, lisomwe pale pale kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, watu wabishane, ndipo kila nyumba ichukue nakala yake. Baada ya hapo likifunga karanga si neno.

Nani atalipia? Mtu mmoja wa Tunduma amesema anaweza kulipia karatasi yote ikiwa tutatangaza biskuti na maziwa ya kopo ya watoto. Mimi nakataa, na nitakataa tena mkutanoni. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa yanayouzwa badala ya maziwa ya mama, na nchi yetu ina kanuni zake. Hatuwezi kumwambia mama anyonyeshe katika ukurasa wa 2 na kumwonyesha kopo katika ukurasa wa 3. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Tuombe sehemu ndogo ya fedha hizo. Vyama vya ushirika vya kahawa navyo viombwe ream moja ya karatasi kila mmoja. Hatuhitaji rangi wala picha za kung'aa.

Mzee aliyeuliza swali nimemtembelea nyumbani kwake Jumapili. Nimemsomea haya niliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sehemu ya ufunguo wa ghala nimetia chumvi. Halafu akaanza kunieleza jinsi mama yake alivyokuwa akianika majani ya kunde na kuyahifadhi katika kibuyu mpaka mvua za mwaka unaofuata. Nikamwomba tuyaandike hayo katika toleo la kwanza. Hakukubali wala hakukataa.

Mkutano wa kijiji utakaa tena mwisho wa mwezi. Mwenye habari ya chakula cha kwao aniletee zahanati siku ya Jumamosi mchana, baada ya wagonjwa kwisha. Asiyeandika aje aseme, nitaandika mimi. Wakinababa pia waje.