BEI IJULIKANE KABLA YA KUTOZWA

Katika miaka hii ya karibuni halmashauri zetu za wilaya na miji zimekuwa zikiacha vitabu vya stakabadhi vya kuandikwa kwa mkono, na mahali pake zimeweka mashine ndogo za mkononi, zile wananchi wanazoziita POS, zilizounganishwa na programu ya kompyuta ya halmashauri. Hatua hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini ipo kazi moja inayoitangulia mashine, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na watu wawili watatu chumbani, mwananchi asijue lolote. Nayo ni kazi ya kuandika ndani ya programu orodha ya huduma, na bei ya kila huduma. Sisi tunasema kwamba kazi hiyo si ya mafundi peke yao. Ni kazi ya wananchi na wawakilishi wao, na isipofanywa kwa haki mashine itaiharakisha dhuluma badala ya kuiondoa.

Tuuchukue mji wa Igunga uwe mfano wetu, si kwa kuwa una kasoro kuizidi miji mingine, bali kwa ajili ya mahali ulipo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Dodoma na Singida, hushuka mlima wa Sekenke, huvuka mbuga ya Wembere na kuingia Igunga. Kutoka hapo huenda Nzega, na Nzega hugawanyika: njia moja huelekea Tabora, nyingine Shinyanga na Mwanza, tena Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Igunga haina maji ya kuelea jahazi, na bandari kavu iliyo rasmi iko Isaka penye reli. Hata hivyo kwa kazi yake Igunga nayo ni bandari. Malori hutia nanga pale usiku, mabasi hupakia na kushusha, wakulima huleta pamba, mpunga, choroko na dengu, na wafugaji huleta ng'ombe wao. Wote hao hukutana na mkusanya ushuru.

Sasa tutazame bandari za majini zinavyofanya. Chombo kikiingia bandarini hutozwa kwa ukubwa wake. Kikikaa gatini hutozwa kwa muda wake. Kikichukua maji hulipia maji kwa kipimo. Na shehena nayo ina malipo yake mbali. Kila jambo lina jina lake, kipimo chake na bei yake, na vyote vimo katika kitabu ambacho nahodha aweza kukisoma kabla hajang'oa nanga huko atokako. Nahodha aweza kulalamika kwamba bei ni kubwa, lakini hawezi kusema kwamba hakuijua. Twauliza: kwa nini dereva wa lori, mwuza nyanya na mfugaji wa Igunga wasipewe heshima hiyo hiyo?

Watu wa Tabora wanaijua habari hii kuliko wengine, maana nchi yao ilikuwa njia panda ya misafara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilitozwa hongo katika kila utemi iliopita, na hasa Ugogo. Malipo yalikuwa doti za merikani na kaniki, shanga na masango. Tusiwadhulumu watemi wale kwa kusema kwamba hawakutoa kitu. Ugogo maji yalikuwa adimu, na mwenye kisima, chakula na amani ya njia alikuwa na haki ya kuomba malipo. Uchungu wa hongo ulikuwa mwingine: bei haikujulikana mpaka msafara umekwisha kutua. Hapo mjumbe wa mtemi alikuja, akatazama mizigo, akahesabu bunduki, akapima unyonge wa wageni, ndipo akataja kiasi. Siku zilipotea katika kubishana, na chakula cha wapagazi kiliisha.

Na ugomvi wa ushuru haukuwa mchezo. Karibu na mwaka 1860 Mtemi Mnywasele wa Unyanyembe alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, walikataa, wakapigana naye, wakamwondoa utawalani. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo naye alipogombana na wafanyabiashara hao aliifunga njia ya Ujiji, na biashara ya nchi nzima ikayumba. Funzo tunalolipata ni hili: malipo yasiyokuwa na kanuni inayokubaliwa na pande zote huvunja njia. Leo neno hongo limekuwa jina la rushwa, nasi twaona lugha haikukosea. Malipo ambayo mlipaji hayajui kabla, wala haoni alichopewa kwa ajili yake, yako karibu sana na rushwa, hata yakitolewa stakabadhi yenye mhuri.

Mtu aweza kusema kwamba mashine imekwisha kuondoa mambo hayo. Sivyo. Mashine haina huruma wala haina hila. Husema lile tu ililofundishwa. Tutoe mfano mmoja mdogo. Tuseme programu imeandikwa "maegesho ya lori, kwa siku", na imepangwa kwamba siku huisha saa sita ya usiku. Lori moja laingia saa tano ya usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Limekaa saa sita tu, lakini mashine yahesabu siku mbili. Lori jingine laingia saa moja asubuhi na kuondoka saa tano ya usiku. Limekaa saa kumi na sita, nalo lalipa siku moja. Hakuna aliyeiba hapo, wala hakuna aliyekusudia kumwonea mtu. Ni neno "siku" tu ambalo halikufafanuliwa. Lakini dereva aliyetozwa mara mbili hatasema kwamba neno halikufafanuliwa. Atasema kwamba Igunga kuna wezi, na kesho atalala kando ya barabara porini, mahali pa hatari, na mama lishe wa stendi atakosa mteja.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. "Gari" ni nini? Lori lenye tela huchukua nafasi ya bajaji nyingi, na hapana haki katika kuyatoza yote sawasawa. "Gunia" ni nini? Liko gunia la kawaida na liko lumbesa, na mkulima anajua tofauti yake kwa mgongo wake. Na mnadani je? Mfugaji aliyeleta ng'ombe watano akauza wawili, alipie watano walioingia au wawili waliouzwa? Mwenye kulipa ni muuzaji au mnunuzi? Maswali haya yasipojibiwa siku ya kuandika orodha, yatajibiwa kila siku getini na kijana mwenye mashine, kwa kadiri ya moyo wake na njaa yake. Huko ndiko kumrudisha mjumbe wa mtemi.

Lipo tena neno moja ambalo twalionya kwa nguvu, nalo ni "mengineyo". Kila mwandishi wa orodha hupenda kuweka mstari wa mwisho wenye jina hilo, usiokuwa na kipimo wala bei, ili mambo yaliyosahauliwa yapate pa kuingia. Mstari huo ni mlango usio na kitasa. Mlipaji akiona "mengineyo" katika stakabadhi yake hajui alilipia nini, na mkaguzi akiukuta katika hesabu hajui aulize nini. Huduma inayostahili kulipiwa inastahili pia kuwa na jina. Isiyoweza kutajwa jina iondolewe.

Zaidi ya hayo, sheria za nchi sharti ziingie ndani ya mashine pamoja na bei. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingi uliokuwa kero kwa wananchi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa, nayo ikaamuliwa kwamba asafirishaye mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Haya ni matunda ya vilio vya wakulima, na yalikuja kwa shida. Lakini programu isiyouliza uzito wa mzigo itawezaje kumsamehe anayestahili msamaha? Msamaha ulioandikwa katika sheria na usioandikwa katika mashine ni msamaha wa karatasi. Kwa hiyo kila msamaha uandikwe katika orodha kama huduma nyingine, wenye jina lake, na bei yake iwe sifuri, ili mkusanya ushuru auone na mwananchi aweze kuudai.

Jambo jingine ni mamlaka ya kubadili bei. Kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, ushuru wa halmashauri hutokana na sheria ndogo. Sheria ndogo hupitishwa na madiwani, huidhinishwa na Waziri, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hiyo ndiyo njia ya bei, na hapana njia ya mkato. Basi fundi asiweze peke yake kubadili tarakimu kwa kubonyeza kidole. Mmoja aandike, mwingine athibitishe, na programu itunze tarehe, jina la aliyebadili na namba ya sheria iliyomruhusu. Vivyo hivyo stakabadhi ikifutwa, sababu iandikwe. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara fedha zilizokusanywa kwa mashine hizi zisifikishwe benki. Mashine haikuzuia wizi huo. Iliyowezesha kuugundua ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo tunayotaka izidi kulindwa.

Twajua baadhi ya watendaji watajibu kwamba orodha ya namna hii itakuwa ndefu, na kwamba halmashauri ina haja ya fedha leo wala haiwezi kungoja mikutano. Juu ya urefu, sisi twasema orodha iwe fupi. Wakilazimika kutaja jina, kipimo na sababu ya kila malipo, wataona wenyewe kwamba baadhi ya malipo hayana sababu. Na juu ya haja ya fedha, hatupingi. Choo cha stendi hakijengwi kwa maneno, wala taa ya sokoni haiwaki kwa shukrani. Lakini mtu hulipa kwa moyo mweupe pale anapoona choo na taa. Akitozwa bila kuviona hujifunza kukwepa, na gharama ya kumkimbiza mkwepaji huyo huzidi ushuru wenyewe.

Wala hatuombi jambo geni. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, Igunga ukiwa mmojawapo, na kila kituo cha mafuta sharti kionyeshe bei yake katika bango. LATRA hutangaza nauli za mabasi, na abiria aliyetozwa zaidi anajua pa kushtaki. Ikiwa bei ya mafuta yanayotoka ng'ambo ya bahari yaweza kuandikwa barabarani, bei ya kulaza lori katika stendi yetu wenyewe inashindikana vipi kuandikwa ukutani?

Kwa hiyo twatoa rai kwa madiwani wa Igunga na wa nchi nzima. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza, waitake orodha yote iliyomo katika programu ya halmashauri yao, ichapishwe katika karatasi, isomwe mstari kwa mstari mbele ya baraza, na ilinganishwe na sheria ndogo. Madereva, wachuuzi, wafugaji na viongozi wa vyama vya ushirika waalikwe, waulizwe kama maneno yaliyotumika ni yale wayajuayo. Kisha orodha hiyo iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, katika stendi, sokoni, mnadani na kwenye vizuizi vya mazao. Na yawe ni masharti: bei isiyokuwamo ukutani isitozwe, hata ikiwamo katika mashine.

Tangu siku za TANU mwanachama wetu aliahidi kutotoa wala kupokea rushwa, na kukihesabu cheo kuwa ni dhamana. Ahadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wakubwa tu. Kijana anayeshika mashine getini naye ana cheo, na anayeandika bei ndani ya programu ana cheo kikubwa kuliko anavyodhani, maana tarakimu moja aiandikayo hutozwa maelfu ya watu wasiomjua. Tumsaidie kijana huyo kwa kumpa orodha iliyo wazi, na tumsaidie mwananchi kwa kumwonyesha orodha hiyo hiyo. Mlipaji na mtozaji wakisoma ukuta mmoja, ubishi utapungua, mapato yataongezeka, na njia yetu kuu itabaki wazi.