Gharama ya ugomvi wa Juba isiangukie Koboko

Kukizuka mtafaruku Juba, watu wa Koboko hupata habari kabla redio haijatangaza. Malori hukwama Oraba, wabadilisha fedha hukunja meza zao, na jioni ile ile akina mama wenye mizigo vichwani huanza kuonekana barabarani wakitokea Kaya. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2016, na kabla ya mwaka huo kwisha kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilikuwa imepokea zaidi ya watu 200,000.

Naandika haya kwa sababu mwaka 2025 dalili zilirudi. Machi mwaka huo Uganda ilipeleka tena askari Juba kuilinda serikali ya Rais Salva Kiir, na mwezi huo huo Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Kisha Julai 28, askari wa Uganda na wa Sudan Kusini wakapigana wenyewe kwa wenyewe mpakani, upande wa Kajo-Keji na Yumbe, na watu wakapoteza maisha pande zote mbili. Yaani Juba ni marafiki, mpakani wanarushiana risasi. Mwenye gunia lake la vitunguu ashike lipi?

Sisi wa West Nile ni wadogo tuliozungukwa na wakubwa, na hilo halikuanza jana. Desemba 1909 alifariki Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mbali kabisa na huku. Kwa kuwa eneo la Lado, ambalo nchi yetu ilikuwa ndani yake, lilikuwa mikononi mwake kwa muda wa uhai wake tu, mwaka 1910 likakabidhiwa Sudan. Katika kipindi hicho cha kupokezana, wawindaji wa pembe za ndovu waliingia kama nzige. Mwaka 1914 tukahamishiwa Uganda. Mzee aliyekuwa amekaa kimya chini ya mwembe wake alipitia serikali tatu bila kuhamisha hata jiko.

Wazee hao wa Kikakwa na Kilugbara hawakuwa na jeshi la kuwazuia wakubwa wala balozi wa kuwabembeleza. Walichokuwa nacho ni wakwe, wajomba na masoko ng'ambo ya kila mpaka uliochorwa. Mkakwa wa Koboko ana ndugu Yei na ana ndugu Kongo, na bendera zote zilizopita hazikufuta hilo.

Mimi nilivuka mwaka 1980 nikiwa mgongoni kwa mama. Majeshi yalikuwa yakilipiza kisasi kwa Amin juu ya kila mtu wa West Nile, hata mtoto asiyejua Amin ni nani. Aliyetupa shamba karibu na Yei alikuwa mjomba wa mbali, na hakuuliza tulimuunga mkono nani Kampala. Miaka michache baadaye vita vya Sudan vikatusogelea tukarudi nyumbani, tukakuta kuta zimesimama bila mabati. Wengi mnaosoma hapa mlirudi hivyo hivyo. Vijana wa Arua waliouza mafuta ya magendo kwa madumu, wale waliojiita OPEC, wengi wao walitoka uhamishoni mikono mitupu. Sisifu magendo, lakini nakumbuka hakuna aliyewapa kazi nyingine.

Wakati huu tunao uwezo ambao wazazi wetu hawakuwa nao. Ipo barabara ya lami kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92. Koboko imekuwa wilaya tangu 2005, na Arua ni jiji tangu 2020. Hata hivyo, mfanyabiashara wetu bado anavuka mpaka peke yake, na mali ikipotea hulia peke yake.

Chukueni suala la fedha. Desemba 2015 serikali ya Juba iliacha pauni yake ipande na kushuka kwa nguvu ya soko. Dola moja, ambayo kwa bei rasmi haikufika pauni 3, ikawa zaidi ya 18 kwa siku moja. Mitaani walishajua, ofisi ndizo zilizokuwa zikijidanganya. Mdogo wangu alikuwa ameipelekea ofisi moja lori la unga kwa mkopo, hesabu ikaandikwa kwa pauni za bei rasmi. Alilipwa mwaka uliofuata pauni zile zile, zikamtosha kununua magunia yasiyojaza pikapu. Hakuwa na pa kushitaki, maana hata Oraba hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba unga ule ulikuwa wa nani na unakwenda kwa nani.

Hilo ndilo ninaloitaka serikali ilianze. Pale forodhani liwekwe daftari la mali ya Waganda inayovuka kwa mkopo: mwenye mali, mnunuzi, thamani kwa shilingi au kwa dola. Siku Kampala inapokaa na Juba kuzungumzia madeni, iwe na karatasi mkononi. Aidha, viongozi wa Koboko wapewe ruhusa ya kuzungumza na viongozi wa Yei, awe nani anayeishika Yei, badala ya kuwaachia wenye bunduki peke yao mazungumzo ya mpakani.

Nanyi ndugu zangu wafanyabiashara, anayewauzia mafuta wapiganaji wa upande mmoja leo anawachongea wenzake wote njiani kesho. Na mkimbizi aliyefungua kibanda jirani na chako sokoni si jasusi wa yeyote. Huenda ni mjukuu wa yule aliyempa baba yako shamba.

Daftari ninalolisema halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji meza, kalamu na karani mwaminifu. Wabunge wetu wa Koboko na Arua waiulize Wizara ya Biashara ni lini litafunguliwa, na waulize sasa, kabla malori hayajakwama tena Oraba.