Bendi Tu, na Jina Lisilo na Kabila

Juma hili sisemi habari za ada za shule wala za mvua, maana hizo mwazijua kunishinda. Nataka kusema habari za muziki, tena muziki wa vijana, na natambua kwamba baadhi ya wazee watakunja uso kabla ya kufika mstari wa tatu. Wakunje, lakini wasome.

Hapa kwetu limezuka swali. Vijana wa kwaya wanataka kurekodi albamu ya nyimbo walizozitunga wenyewe, na wazazi wanauliza: Nani ataisikiliza? Na akiisikiliza, atalipa? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha inayotakiwa ni ya maharage na ndizi, haikuokotwa njiani. Badala ya kujibu kwa kubahatisha, nimeona niwasimulie habari za bendi moja ya majirani zetu wa ng'ambo ya Mkomazi, yaani Kenya, ili kila mtu apime mwenyewe jinsi kazi ya muziki inavyowatoka watungaji mikononi, na yale wasikilizaji wanayoitendea.

Bendi hiyo inaitwa Just a Band, maana yake ni "Bendi Tu". Jina la unyenyekevu au la ujanja, chagueni wenyewe. Walikuwa vijana wanne: Bill Sellanga, ambaye watu humwita Blinky Bill, Daniel Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi. Hawakungoja kampuni kubwa ije iwachukue. Muziki waliutengeneza wenyewe kwa kompyuta, majalada wakayachora wenyewe, na filamu za nyimbo zao wakazipiga wenyewe. Mtu aliyezoea magitaa ya dansi ya zamani hatayasikia humo, maana mapigo mengi ni ya mashine, nao huimba juu yake mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili cha Nairobi, mara kwa Kijaluo.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Jina lake, Scratch to Reveal, maana yake ni "kwangua uone", kama tulivyokuwa tukizikwangua vocha za simu kwa ukucha. Wimbo wake mmoja, Iwinyo Piny, ulipigwa katika redio na televisheni za Kenya, na watu wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Mwaka 2009 wakatoa ya pili, ambayo jina lake ni namba tupu: 82. Hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

Katika 82 mna wimbo uitwao Ha-He. Maneno yake ni machache mno, karibu hakuna, hata mwalimu wa kwaya angeweza kuuliza kama huo kweli ni wimbo. Tarehe 17 Machi 2010 bendi ikaweka filamu yake fupi katika intaneti. Imepigwa kwa mfano wa sinema za ngumi za Marekani za miaka ya 1970. Msichana anatekwa na majambazi, anatokea shujaa mmoja, mwigizaji Kevin Maina, anawapiga wote, kisha anakwenda zake. Shujaa huyo anaitwa Makmende.

Jina hilo halikubuniwa na bendi, na hapa ndipo habari inaponipendeza. Mwigizaji wa Marekani, Clint Eastwood, katika filamu ya mwaka 1983 anamwelekezea jambazi bastola na kumwambia maneno ya dharau, yenye maana kwamba akithubutu tu atakuwa ameifanya siku yake kuwa njema. Watoto wa mitaa ya Nairobi waliyasikia maneno hayo ya Kiingereza kwa masikio yao wenyewe, si kwa masikio ya Mwamerika, na midomoni mwao yakatoka "Makmende". Katika miaka ya 1990 mtoto aliyejitia ushujaa mchezoni aliulizwa na wenzake anajifanya Makmende nani. Basi bendi ililiokota neno la utotoni mwao, wakalivika nguo, wakalirudisha kwa wenyewe.

Na wenyewe wakalipokea! Siku chache tu baada ya filamu ile, vijana wa Kenya walikuwa wakitunga vichekesho juu ya Makmende mchana na usiku. Wakasema ati Makmende huanika nguo zake katika laini ya Safaricom, na zikikauka huzihifadhi katika flashi. Kule ng'ambo albamu ikiuzwa sana hupewa cheo cha dhahabu, na ikizidi hupewa cha platinamu. Wakenya wakasema ikiipita platinamu hupewa cheo cha Makmende. Yakatengenezwa majalada ya uongo ya magazeti makubwa yenye sura yake. Wengine walijaribu kumwandikia ukurasa katika Wikipedia, ile kamusi ya intaneti ambayo kila mtu aweza kuiandika. Wasimamizi wakaufuta, ukaandikwa tena, ukafutwa tena, mpaka baadaye ukaachwa ukae. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Ethan Zuckerman, aliandika kwamba Makmende ni mkubwa mno hata Wikipedia haimtoshi. Habari zake zikafika katika gazeti la Wall Street Journal na televisheni ya CNN, nazo zikatajwa kuwa ni mara ya kwanza kwa Kenya kuwa na kichekesho cha intaneti kilichoenea namna hiyo.

Kwa nini mwaka ule? Sababu moja ni ya chuma na kioo. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikija polepole kwa setilaiti ikaanza kwenda mbio. Filamu ambayo zamani ungeingoja mpaka ugali uive na uliwe, sasa ikafunguka.

Sababu ya pili ni maoni yangu mimi, wala simlazimishi mtu kuyakubali. Kumbukeni Kenya ilikotoka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani alimgeukia jirani, na kabla ya kutulia mwaka 2008 watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa. Siku zile jina la mtu lilitosha kumponza. Ukisema jina lako kizuizini, umekwisha kutaja kabila lako, na wenye mapanga walijua la kufanya. Miaka miwili tu baadaye likatokea jina ambalo halina kabila. Makmende si Mkikuyu, si Mjaluo, si Mkalenjin. Amezaliwa katika masikio ya watoto wa mtaani waliolisikia neno vibaya pamoja. Kila Mkenya aliweza kumcheka na kujisifia bila kuuliza ni wa nani. Nilipomweleza hayo mzee mmoja wa hapa, alifikiri kitambo, akasema, "Kwa hiyo ilibidi wapate mtu asiyekuwapo." Sikuwa na la kuongeza.

Wazazi watauliza kama filamu yenyewe inafaa kwa watoto. Mna ngumi nyingi za mchezo. Itazameni ninyi kwanza, ndipo mwamue. Mimi niliionyeshwa na mwanafunzi mwenzangu chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, nikacheka, na siku ya pili nikaisikiliza albamu nzima kwa utulivu. Na hapa nawatetea watunzi. Katika 82 mna nyimbo nyingine, kama Usinibore na Huff + Puff, ambazo zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, wala si mzaha. Lakini waliomtaja Makmende kila siku, wengi wao wasingeweza kukutajia jina la wimbo wa pili katika albamu ile.

Ninyi mliochimbiwa na mababu ndiva mtanielewa upesi. Maji hukusanywa bwawani usiku kucha, na asubuhi yakifunguliwa hayamwulizi aliyejenga ukuta yaende shamba lipi. Bendi ilijaza bwawa la nyimbo, na watu wakayafungulia kwenye mfereji mmoja tu. Hawakuwaibia, wala hawakuwadhulumu. Lakini yule aliyejenga bwawa ana haki ya kusimama kando na kutazama mashamba mengine yalivyo makavu.

Albamu ya tatu ilitoka mwaka 2012. Waliiita Sorry for the Delay, yaani "samahani kwa kuchelewa". Mwaka huo huo Jim Chuchu akaondoka katika bendi. Humo mna Dunia Ina Mambo, ambao hata mama yangu aliuitikia kichwa bila kuambiwa ni wa nani. Kisha kila mmoja akashika njia yake zaidi. Mbithi Masya alitengeneza filamu iitwayo Kati Kati, ya mwaka 2016, habari za watu waliokufa wakajikuta mahali ambapo si hapa wala si kule. Msomaji Mkatoliki atakumbuka toharani, ingawa filamu yenyewe haisemi hivyo. Ilipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto, nchini Kanada. Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018.

Sasa turudi kwa vijana wetu wa kwaya. Wakirekodi, hawataweza kuchagua ni wimbo gani utakaopendwa. Huenda ule waliouhangaikia miezi mitatu ukapita kimya, na kile kibwagizo kidogo cha mwisho, walichokitia ili kujaza nafasi, kikaimbwa na wachungaji wa mbuzi mpaka Same mjini. Hilo wajiandae nalo, na kiongozi wa kwaya asikasirike.

Lakini kuna jambo ambalo liko mikononi mwetu sisi wasikilizaji. Nimeona mara nyingi kwaya ngeni ikija na albamu yake. Tunasimama uani baada ya Misa, tunasifu sauti ya tatu, tunamsifu mpiga kinanda, kisha mmoja ananunua, na watu kumi wanamzunguka na simu zao: "Nirushie, ndugu." Anarusha. Kwaya inarudi kwao na sifa kumi na bei ya nakala moja. Wazazi wanaouliza kama fedha itarudi wanauliza swali ambalo jibu lake wanalo wenyewe mfukoni.

Kikao cha wazazi na vijana kitafanyika Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, katika darasa la katekesi. Aliye na hesabu ya gharama za studio ya Moshi au ya Same aje nayo imeandikwa. Na tafadhali, atakayekuja na simu aizime.