SAFARI NA MAHALI: Quiterajo Si "Minazi na Mchanga" Tu



Juma lililopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja aishiye katika nyumba za askari. Mume wake alikuwa miongoni mwa wanajeshi waliopelekwa kaskazini mwa Msumbiji, katika Jimbo la Cabo Delgado, naye akarejea salama mwaka 2024. Kila jioni watoto humwuliza: "Baba, huko ulikokuwa kuna nini?" Naye hutoa jibu lile lile: "Pwani tu. Minazi na mchanga." Kisha hunyamaza. Mama huyo anatuomba tuwaeleze wanawe habari za mahali hapo, hususan sehemu iitwayo Quiterajo, kwa kuwa hilo ndilo jina pekee lililopata kumponyoka baba yao.

Ombi hili ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu. Ukurasa huu una desturi ya kuwatembeza wasomaji mahali panapofaa kuzuriwa, na kwa kawaida huwa ni mahali ambapo mtu aweza kufunga mzigo wake akaenda. Safari hii sivyo. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, pwani ile imekuwa uwanja wa vita, na Quiterajo ni miongoni mwa mahali palipoumia mno. Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote kwenda huko kwa matembezi. Lakini njia kufungwa si sababu ya mahali kusahauliwa. Basi na tutembee kwa maneno, tukianzia kaskazini na kushuka kusini.

KUVUKA RUVUMA

Atokaye Mtwara hukutana kwanza na Mto Ruvuma, ambao ndio mpaka. Ng'ambo yake, karibu na mlango wa mto, iko Kionga. Wajerumani waliitwaa Kionga mwaka 1894, na Wareno wakaichukua mwezi Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck liliuvuka mto huo na kuingia Msumbiji, na majeshi ya Waingereza yakalifuata. Nyuma ya askari wa pande zote mbili walitembea wapagazi, wana wa nchi zetu, na wengi wao hawakurudi makwao. Yafaa watoto wajue kwamba baba yao hakuwa Mwafrika wa Mashariki wa kwanza kuivuka njia ile kwa amri ya jeshi.

Baada ya Kionga huja mji wa Palma, na mbele yake baharini huanza mlolongo wa Visiwa vya Kirimba, ambao hushuka kusini hadi karibu na Pemba, mji mkuu wa jimbo. Kimoja katika visiwa hivyo ni Vamizi, ambako kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai yao. Kisha huja Mocímboa da Praia, bandari ya majahazi na ya biashara ndogondogo. Mji huo ulitekwa na wapiganaji mwezi Agosti 2020, ukakombolewa mwezi Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Tangu hapo wakazi wengi wamerejea, wakafungua tena maduka na kusimamisha nyumba zao.

QUITERAJO YENYEWE

Kusini mwa mji huo Mto Messalo humwaga maji yake baharini. Katika maandishi ya zamani huitwa Msalu. Hutoka bara, hupita kusini mwa nyanda za juu za Wamakonde, na ukaribiapo bahari hutawanyika katika mabwawa na mikoko. Upande wa kusini wa mlango wa mto ndipo ilipo Quiterajo. Kwa utawala ni sehemu ya Wilaya ya Macomia.

Wenyeji wa pwani hiyo ni Wamwani, wavuvi na wakulima wa minazi, nao huishi pamoja na Wamakonde na Wamakua. Lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa Kiswahili, na hata jina lake latokana na pwani. Msomaji akiisikia atatambua maneno mengi, lakini asijidanganye kwamba ni Kiswahili kilichoharibika. Ni lugha kamili, yenye heshima yake. Wanawake wa huko hujipaka usoni musiro, yaani urembo mweupe upatikanao kwa kusugua kipande cha mti juu ya jiwe lenye maji. Mboga yao ni kisamvu kwa tui la nazi, na kitoweo ni samaki. Mama wa Kilwa au wa Lindi angeketi jikoni kwao bila kujiona mgeni.

Bahari ya huko, nyakati za bamvua, hukupwa mbali sana. Maji yakitoka, akina mama na watoto huteremka mwambani na vikapu vyao kutafuta pweza na kombe. Bamvua ikiangukia usiku, mwamba wote huweza kuonekana una taa zinazotembea, kana kwamba mtaa umehamia baharini. Hapa twamwomba ndugu askari atusikilize kidogo. Mgeni asiyeijua desturi hiyo aweza kuiona taa ya mama anayetafuta kitoweo akadhani ni ishara ya adui. Aweza pia kuona kilima kidogo chenye mawe, akapiga kambi juu yake, kumbe ni makaburi ya mababu wa kijiji. Kuijua nchi ya watu si anasa ya watalii. Kwa mwenye bunduki ni sehemu ya kazi yake, na uhai wa watu huweza kutegemea ujuzi huo.

Nyuma ya vijiji hivyo kuna misitu mikavu ya pwani. Mmoja wapo huitwa Namacubi. Katika miaka ya 2008 na 2009 wataalamu wa mimea kutoka Msumbiji, Uingereza na Ufaransa waliipita misitu ya pwani hiyo, wakakuta mimea ambayo ilikuwa haijapata kuandikwa katika vitabu vya elimu. Baadhi ya miti ya huko hupatikana pia katika misitu ya Lindi, kwa maana mbegu hazikuujua mpaka uliochorwa na wakoloni. Humo hupita tembo, nao huteremka mashambani kula mazao ya watu.

CHAI NA MUEDA

Ukitoka Quiterajo kuelekea bara, katika wilaya iyo hiyo ya Macomia, kuna mahali padogo paitwapo Chai. Jina hilo lisiwachekeshe watoto. Hapo ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipokishambulia kituo cha serikali ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza. Chama hicho kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Kaskazini zaidi, juu ya nyanda za Wamakonde, iko Mueda, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Wareno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Kwa familia ya askari, Chai na Mueda ni mahali pa kuzuru kwa adabu, kama mtu azurupo kaburi la mzee wake.

IBO

Tukirudi pwani, kusini mwa Quiterajo twapita Mucojo na rasi ya Pangane, yenye mchanga mweupe na minazi. Hapa baba amesema kweli. Kutoka huko, kwa chombo cha tanga, msafiri hushuka hadi kisiwa cha Ibo.

Ibo ni mji wa mawe na chokaa. Ngome yake kubwa, yenye umbo la nyota, ilijengwa na Wareno mwaka 1791. Biashara ya watumwa ilipita hapo kwa miaka mingi, na baadaye, wakati wa vita vya ukombozi, polisi wa siri wa serikali ya kikoloni walifungia humo wapigania uhuru. Baadaye mafundi wa fedha walikaa katika ngome iyo hiyo wakifua mikufu na vipuli kwa mikono yao. Kisiwa kina kahawa yake pia, ambayo wenyeji huipanda karibu na nyumba zao. Mwaka 2002 sehemu ya visiwa na bara iliyo jirani nayo ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipiga pwani hiyo, kikaangusha sehemu kubwa ya nyumba za Ibo. Wakati huo vita vilikuwa tayari vinaendelea bara. Ilipofika mwaka 2022, watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao katika jimbo lile.

Lakini, ndugu msomaji, pwani hii haikukimbiwa mara moja. Katika miaka ya 1520 Wareno waliivamia Kirimba na kuiteketeza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini walikuja na makundi makubwa ya mitumbwi, wakateka watu, na visiwa vingine vikabaki bila mwenyeji. Kila mara watu walijificha bara au ng'ambo, na kila mara walirudi, wakafukua visima na kupanda minazi upya. Mnazi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aupandaye hapo amekwisha kuamua kwamba atakaa.

MLANGO UNAOFUNGWA

Kuna mahali mbali na kwetu panapotusaidia kulifahamu jambo hili. Kaskazini mwa Bara Hindi, katika milima ya Himalaya, kuna hekalu la Wahindu liitwalo Kedarnath, katika kimo cha zaidi ya mita 3,500. Mahujaji hulipandia kwa miguu kwa njia ya milimani. Kila mwaka, theluji ikaribiapo, milango hufungwa na mji huhamwa kwa muda wa miezi sita hivi. Mwezi Juni 2013 mafuriko makubwa yaliusomba mji uliolizunguka hekalu hilo, na maelfu ya watu wakafa katika mkoa ule. Hekalu lilibaki limesimama, na baadaye mahujaji walianza kupanda tena. Wakati wote mlango ulipofungwa, walio mbali waliendelea kuwasimulia watoto wao habari za njia ile: wapi kuna daraja, wapi kuna maji ya kunywa, wapi mtu hupumzika. Ndiyo maana mlango ulipofunguliwa walikuwapo wenye kuijua njia.

Quiterajo nayo yahitaji wasimulizi wa namna hiyo, na mmoja wao yuko katika nyumba ya mama aliyetuandikia. Kwa hiyo, mama mpendwa, twakushauri hivi. Usiwaache watoto wamwulize baba yao habari za vita. Aliyeviona atavisema siku atakapokuwa tayari, au hatavisema, na hiyo ni haki yake. Wamwulize mambo madogo. Maji ya kunywa mliteka wapi? Wavuvi wa huko wana vyombo gani? Je, ulipata kuziona taa usiku, maji yalipokupwa? Mzee gani alikusalimu wa kwanza, naye alisemaje? Mtu aliyekwisha kusema "minazi na mchanga" ameanza kusimulia, wala hakosi la kuongeza. Amkalie karibu mtoto mdogo kuliko wote, maana huyo huuliza bila haraka.

Na siku ambayo amani itarejea kwa ukamilifu, huenda baba mwenyewe akawa kiongozi wa safari hiyo, akiwa amevaa kanzu au shati la kawaida, na watoto wakimfuata nyuma wakihesabu minazi.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia magofu ya Kilwa Kisiwani. Wenye maswali watuandikie kama kawaida.