Gigabaiti 35 Zimekwenda Wapi?

Akina mama wenzetu wa Bashay, tukimnunulia mtoto kompyuta yenye diski ya gigabaiti 500, Windows huonyesha 465 tu. Tusiharakishe kumwita muuzaji mwizi. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huhesabu 1,073,741,824. Sisi tunaopima mahindi tunaelewa: mahindi ni yale yale, ila debe la Windows ni kubwa, hivyo madebe yanapungua. Hata diski ya 1,000 huonyesha 931. Programu zenyewe nazo hukalia nafasi. Lakini iliyoandikwa 500 ikionyesha 232, na haikugawanywa sehemu mbili, hiyo ni diski ya 250! Tuombe iwashwe pale pale dukani, kabla hatujafungua fundo la kanga.