Usiandike Usichokipima

Mpendwa mtahiniwa,

Kila mwaka ninaposahihisha kazi za vitendo za fizikia, nakutana na jibu lilelile. Mwanafunzi amepima urefu wa penduli, akapata sm 50.0. Ameiacha ibembee mara 20 na saa ikamwonyesha sekunde 28.4, kwa hiyo mbembeo mmoja ni sekunde 1.42. Njia ni sahihi, kanuni ni sahihi. Kisha anaandika: g = 9.78933188 m/s².

Na mimi niliwahi kuandika jibu la namna hiyo. Mwalimu wangu alizungushia kalamu nyekundu tarakimu zote za mwisho, akaniuliza, "Hizi umezipima kwa kifaa gani?" Sikuwa na la kumjibu. Rula yangu ilinipa tarakimu tatu, saa ikanipa tatu. Zilizozidi zilitoka kwenye kikokotoo, na kikokotoo hakijawahi kupima kitu chochote. Jibu la haki lilikuwa 9.79 m/s².

Sisi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Tunawafundisha tarakimu muhimu kama orodha ya kanuni za sifuri, nanyi mnazikariri usiku na kuzisahau asubuhi. Maoni yangu ni kwamba mada hii inahusu ukweli kabla ya kuhusu sifuri. Kila tarakimu unayoiandika ni ushahidi unaoutoa: unasema, "Hii nimeipima." Kama hukuipima, umetoa ushahidi wa uongo.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Kipande cha ubao kina urefu wa sm 12.4 na upana wa sm 5.3. Ukizidisha unapata 65.72. Lakini upana uliousoma kuwa 5.3 unaweza kuwa popote kati ya 5.25 na 5.35, na urefu kati ya 12.35 na 12.45. Zidisha vipimo vidogo, kisha vikubwa: eneo halisi liko kati ya 64.8 na 66.6 hivi. Ikiwa hata hiyo 5 ya 65 ina mashaka, .72 inatoka wapi? Andika 66 sm². Ndiyo sababu katika kuzidisha na kugawanya jibu hufuata kipimo chenye tarakimu muhimu chache zaidi. Katika kujumlisha na kutoa, tunaangalia nafasi za desimali: 12.4 + 5.36 ni 17.8, si 17.76.

Najua utasema, "Mwalimu, nikipunguza tarakimu si nitapoteza usahihi?" Utaupoteza ukipunguza mapema. Katikati ya hesabu, acha tarakimu za ziada ziendelee. Kadiria mara moja tu, mwishoni. Na vitu vilivyohesabiwa havina mashaka: mibembeo 20 ni 20 kamili, kwa hiyo hiyo 20 isikupunguzie tarakimu za jibu.

Hapa ndipo namba za kisayansi zinapokuja, nami naona ni kosa kuzitenga kama mada nyingine. Mlima Kilimanjaro una urefu wa m 5,895. Mtu akiandika m 5,900, hizo sifuri amezipima au amejazia nafasi? Huwezi kujua. Akiandika 5.9 × 10³ m, amekiri kuwa ana tarakimu mbili. Akiandika 5.900 × 10³ m, amedai nne, na atapaswa kuzitetea. Vivyo hivyo 0.0045 ni 4.5 × 10⁻³: sifuri za mbele zinaonyesha nafasi tu, tarakimu muhimu ni mbili. Lakini 4.50 ina tatu, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuiandika ile sifuri ya mwisho. Ukiifuta kwenye jedwali lako la vipimo, umetupa kipimo ulichokitolea jasho.

Utakapoingia maabara siku ya mtihani, soma kifaa kwanza: mgawanyo wake mdogo ni upi? Andika vipimo vyote vya safu moja kwa desimali zinazolingana. Fanya hesabu bila kukata tarakimu. Mwishoni, kabla hujaweka kalamu chini, jiulize swali la mwalimu wangu.

Alama utakazookoa ni chache, sitakudanganya. Lakini kesho utakuwa muuguzi unayepima dawa, fundi unayepima nondo, au karani unayeandika takwimu za kata. Watu watazitegemea namba zako bila kukuona ulipozipata. Zoea sasa kuandika kile tu unachoweza kukisimamia.