Wimbo Tumeupenda, Bwana Hatumtaki



Leo tuna maneno, na hatuyamungunyi. Tangu filamu ya Saiyaara itoke tarehe 18 Julai 2025, nyimbo zake hazitoki kwenye simu zetu, kwenye vyumba vyetu vya kushonea, wala kwenye video za maharusi. Na tangu hapo tunapata shida pande mbili. Upande mmoja wapo wanaotucheka: "Wanawake wazima mnalilia lugha msiyoijua!" Upande wa pili wapo wadogo zetu, ambao hawakuishia kuupenda wimbo, wanamtaka na yule kijana wa kwenye filamu awe mume. Wote tunawajibu.

Tuanze na wanaotucheka. Nani kawaambia hatuijui? Hilo neno saiyaara ni la Kiurdu, nyota inayotembea, na asili yake ni Kiarabu. Sisi tulilisoma skuli kwenye sayansi: ni sayari hiyo hiyo. Na tuliokaa chuoni tumelipita katika Suratu Yusuf, aya ya 19, ambapo maana yake ni msafara, wale wapita njia waliomtoa Nabii Yusuf, alayhi salaam, kisimani. Wimbo mwingine wa humo unaitwa Humsafar, mwenza wa safari, na safari yetu imo ndani yake, haihitaji mkalimani. Dua kwao ni dua, dunia kwao ni dunia. Kwa hivyo mtuache. Tunasikia zaidi ya mnavyodhani.

Wala hatukuanza sisi. Bibi zetu walikuwa na maonyesho yao ya wanawake watupu katika masinema ya mjini, wanavaa wakapendeza, wanajaza viti na leso za kufutia machozi. Mwaka 1957 ilitoka Mother India, Nargis akimpiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kulinda heshima ya binti wa watu. Bibi zetu wakalia mpaka macho yakavimba. Lakini hatujasikia bibi hata mmoja aliyerudi nyumbani akatafuta bunduki. Walijua kulia, na walijua kuacha filamu mlangoni pa sinema. Hilo la pili ndilo tunaloliogopea leo.

Kwanza tuseme haki: albamu ni nzuri. Miaka mingi tumekula viporo, nyimbo za zamani zinapashwa moto na kuongezwa ngoma juu, na Tanishk Bagchi tulimlaumu sana kwa mapishi hayo. Safari hii kapika kipya. Wimbo wenye jina la filamu kautunga pamoja na vijana wawili wa Kashmir, Faheem Abdullah na Arslan Nizami, maneno ya Irshad Kamil, na Faheem mwenyewe ndiye anayeimba. Anaanza pole pole kama mtu anayejisemea peke yake, halafu sauti inapanda mpaka cherehani inasimama yenyewe. Shreya Ghoshal naye ana toleo lake la wimbo huo, na hapo ndipo tulipokoseana mapindo. Arijit Singh yumo, Jubin Nautiyal yumo. Haikujaa kelele. Mtu anaimba, unamsikia.

Tunajua masheikhe wana kauli zao juu ya muziki. Anayeuacha kwa ajili ya Allah hatumcheki, tunamuombea naye atuombee. Lakini anayemnyanyapaa mwanamke kwa wimbo aliousikia akishona, kisha ananyamaza kwa mume anayempiga mkewe mtaa huo huo, huyo tuna suala naye. Kipi kizito?

Sasa nyinyi wadogo zetu.

Majuzi alikuja binti kuchukuliwa vipimo vya gauni la harusi. Simu yake imepasuka kioo kizima. Tukamuuliza, iliangukia wapi? Akacheka. Mchumba kaibamiza ukutani kwa sababu kaona jina asilolijua. "Ndiye Krish wangu," akasema, na uso umemchanua kama kapewa dhahabu. Tukaendelea kupima, kiuno, bega, mkono, lakini hakuna aliyecheka naye.

Krish ni yule mwimbaji wa kwenye filamu. Anaingia kwa hasira na ngumi, na nyimbo zinampamba mpaka hasira inaonekana ni mapenzi yaliyozidi kiasi. Huo ndio mtego. Na mtego si mpya: Mohit Suri, aliyeongoza filamu hii, mwaka 2013 alitupa Aashiqui 2, tukamlilia mlevi aliyekuwa akijimaliza mwenyewe, kwa sababu alipambwa na sauti ya Arijit. Wimbo mzuri unaweza kumvisha mtu yeyote nguo ya arusi. Sisi mafundi tunajua: nguo huficha kilema, haikitibu.

Hata hiyo filamu mmeisoma vibaya. Vaani anapata maradhi ya kusahau angali kijana. Krish hamkimbii. Anapotoweka, anamtafuta. Kama kuna cha kumtamania yule kijana ni hapo, alipobaki na mtu ambaye hawezi tena kumkumbuka. Nyinyi mmeruka subira mkachukua ngumi!

Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa mwenye nguvu si anayewaangusha watu mieleka, ni anayejizuia anapoghadhibika. Na ametufundisha kuwa mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wake wa nyumbani. Hayo ndiyo mapimo ya mume. Wivu wa kuvunja simu haumo.

Na nyinyi mama zetu, mkiletewa habari kama hizi msiseme "ndivyo walivyo wanaume, atatulia akishaoa." Hatulii. Leo simu, kesho sahani, keshokutwa ni mkono wa mwanao, na sisi tutaletewa tushone mikono mirefu ya kuficha alama. Tumeshawahi kuishona. Hatutaki tena.

Basi sikilizeni, furahini, lieni kidogo mkitaka. Lakini kabla hamjaleta kitambaa cha harusi kwa fundi, muulizieni huyo bwana kwa mama yake, kwa dada zake, kwa anaofanya nao kazi. Msiulize analia akisikia Saiyaara. Ulizeni: akikasirika, mkono wake unakwenda wapi?

Wabillahi tawfiq.